Vidonge Vilivyotemwa

Oktoba 6, Jumapili

Daftari hili ni la brigedi ya afya. Kila ukurasa umechorwa mistari ya kuandikia jina la mtu, idadi ya vinundu alivyo navyo kichwani, jicho la kulia, jicho la kushoto. Herculano wa brigedi alinipa moja lililobaki, kwa kuwa nilimsaidia kuandika majina ya watu wa safu yetu ya vyumba. Yeye lugha yetu haijui, na watu wetu Kihispania hukijua pale wanapotaka kukijua. Aliniambia niandike chochote, hata mapishi. Mapishi yetu ni maharage na mikate ya mahindi, na kesho yake mikate ya mahindi na maharage. Kwa hiyo nitaandika msimu wa kahawa.

Katika safu nzima anayejua kusoma ni mimi tu. Nasema hivyo bila haya. Masista wa mjini walinifundisha miaka mitatu kabla baba hajafa, na mama mzee wa chumba cha pili, Nan Sotera, amenipachika jina la Sista Daftari.

Herculano alikuja na wembe na kisu kidogo akawakata watu vinundu. Anasema usubi akikuuma hukuachia mdudu, mdudu akajijengea kinundu, na watoto wake hutembea chini ya ngozi mpaka wafike machoni. Nan Sotera anasema huo ni upuuzi, upofu wa hapa unaletwa na mvuke wa kahawa inapochachuka kwenye matangi. Mama ana kinundu juu ya sikio la kushoto, ukubwa wa punje ya haragwe. Jina lake lilipoitwa alikuwa amejizungushia kitambaa kichwa kizima, akasema hana kitu. Kumkata kinundu ni lazima anyolewe upande mmoja, na mama hajakatwa nywele tangu azaliwe. Nilitaka kusema. Lakini mwanamke wa heshima haumbuliwi na binti yake mbele za watu, nikanyamaza.

Oktoba 7

Kazi imeanza. Mvua asubuhi, halafu jua, halafu usubi. Masikio yangu yamevimba yote mawili.

Oktoba 9

Don Eliseo, nyapara wetu, humwaga kila kikapu juu ya turubai kabla ya mizani. Kahawa mbichi ikizidi kiganja, siku hiyo umefanya kazi ya bure. Ikitokea mara tatu unaondolewa shambani, na chumba unakiacha, maana vyumba hivi ni vya wenye kuchuma.

Leo tulipokuwa bado kwenye mibuni nilichungulia kikapu cha mama. Nusu nyekundu, nusu kijani.

"Mama, siku hizi unachuma na majani?"

"Kivuli cha miti hii kimekuwa kizito mwaka huu."

Kivuli ni kilekile. Nilikaa chini nikachambua kikapu chote, mbichi nikazifukia chini ya majani makavu. Kisha nikasimama mbele yake nikanyoosha vidole, nikamwuliza ni vingapi.

"Usinifanyie mambo ya brigedi," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Viwili."

Vilikuwa vinne. Sijui jana angeona vingapi, wala mwezi jana. Tunalala chumba kimoja, tunakula chungu kimoja, nami sikuona. Nimejikasirikia sana, na yeye nimemkasirikia zaidi.

Oktoba 10

Nimechambua.

Oktoba 11

Nimechambua. Don Eliseo alikaa karibu na turubai muda mrefu akitutazama. Yule mtu ana macho ya mwewe na moyo wa jiwe la kusagia.

Oktoba 22

Mama hahitaji tena nichambue. Wiki mbili tu, na vidole vyake vimejifunza. Leo alinionyesha kwa majivuno ambayo sikuwa nimeyaona kwake tangu baba afe.

"Iliyoiva inaachia. Igeuze kidogo, inakuja yenyewe. Mbichi inang'ang'ania, na ngozi yake ni kavu. Fumba macho ujaribu."

Nilifumba nikajaribu. Nilichuma tano, tatu zilikuwa mbichi. Alicheka mpaka akashika mti.

"Sista Daftari," akasema, "hii masista hawakukufundisha."

Nilicheka naye, lakini nilipogeuka nililia. Mtu hajifunzi kuchuma kwa vidole ila amekwisha kukata tamaa na macho yake.

Jioni nilijikwaa kwenye kamba ya Nan Sotera. Amefunga kamba mbili toka mlangoni kwake, moja inakwenda chooni na nyingine kwenye chemchemi, za mumewe mzee, Tat Basilio, kipofu mwaka wa sita huu.

"Inua miguu, Sista," akaniambia. "Kamba hii ilikuwepo kabla ya elimu yako."

Tat Basilio alikuwa kizingitini anapukuchua mahindi, anatabasamu kuelekea mahali ambapo sikuwepo. Mwanamke yule amekubali upofu wa mumewe kama watu wanavyokubali mvua. Amefunga kamba, basi, yameisha. Mimi sitafunga kamba mlangoni kwetu.

Novemba 1, Watakatifu Wote

Watoto walirusha tiara tangu asubuhi. Tulikwenda makaburini na kapu la maua ya njano. Mama hakutaka nimshike mkono, akatangulia, akapiga magoti, akaanza kumwaga maua na kuongea na baba. Akamweleza habari za msimu, na za paa linalovuja, na kwamba mimi bado ni mkali na sijapata wa kunioa.

Lile lilikuwa kaburi la Tat Leocadio. Baba na Tat Leocadio hawakusemezana miaka kumi kwa sababu ya bata mzinga.

Sikumwambia. Alipoinuka kujifuta magoti nikachota nusu ya maua nikayahamishia kwa baba, na nusu nikamwachia Tat Leocadio, kwa kuwa amesikiliza mambo yetu yote. Njiani mama alisema kwamba leo moyo wake umetulia. Nimeamua kwamba dawa yoyote itakayofika shambani hapa, mama ataimeza, hata kama itabidi nimwumbue.

Novemba 8

Herculano amerudi, safari hii na vidonge. Atakaa hapa siku kumi, na kila asubuhi kabla ya kazi watu watapanga mstari uwanja wa kuanikia, mmoja mmoja ameze mbele yake. Alinisimamisha juu ya gunia nitafsiri. Nilitafsiri yote, neno kwa neno: siku ya kwanza nusu kidonge, ya pili kimoja, kisha viwili kwa siku mpaka ya kumi. Mtu atawashwa, huenda akavimba, hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Lakini macho yakiwa mekundu na kuuma, asimeze tena, aje amwone.

Watu hawataki. Mwaka juzi walimeza, safu nzima ikavimba nyuso, wawili wakalala wiki nzima. Kwa hiyo wanakiweka kidonge shavuni, wanakunywa maji, wanamshukuru, gracias, na wakifika nyuma ya tangi wanakitema mkononi. Hawakitupi chini kwa kumwogopa Don Eliseo. Nan Sotera amejitolea kuvikusanya kwenye kopo la sadini ili akavizike.

Nilimfuata. "Nan Sotera, hebu fungua mdomo."

"Mdomo huu nimeuzeesha mwenyewe, leo ndiyo unataka kuukagua?"

Watu wakacheka. Hata Herculano akacheka, na hakuelewa neno. Nawaonea haya watu wangu.

Mama alimeza. Nilimtazama koo.

Novemba 11

Mama anajikuna mpaka damu. Uso umevimba, viungo vinamuuma. Nimeridhika.

Novemba 12

Homa. Hakuweza kusimama. Nilimwambia Don Eliseo kwamba tumbo linamsumbua. Aliniangalia, akasema, "Mlaze chini ya mgomba. Wewe una vidole kumi, vitumie vyote." Nilichuma vikapu viwili peke yangu.

Novemba 13

Macho ya mama yamekuwa mekundu, anayafumba jua likimpiga. Herculano alimwinua kope akatazama kwa tochi, kisha akafunga kopo lake.

"Huyu basi. Mwambie hamezi tena. Siku sita zinamtosha mpaka nirudi Januari nione."

"Lakini umesema siku kumi."

"Nimesema pia macho yakiuma aache. Wewe mwenyewe umetafsiri, Petronila."

Nilimtafsiria mama, akaitikia kwa kichwa. Kijana huyu ana huruma ya kipumbavu. Mtu mmoja katika safu nzima anameza kwa haki, na huyo huyo ndiye anayesimamishwa.

Novemba 18

Brigedi imeondoka. Uvimbe wa mama umekwisha.

Novemba 20

Ngozi ya mama imelainika. Miaka yote ninayomjua mikono yake imekuwa na magamba, anaikuna hata akiwa usingizini. Sasa anajishika kiwiko kwa mshangao na kusema, "Nimerudi msichana." Leo asubuhi amelala mpaka nikamwamsha. Na alipokuja mezani akasema, "Umevaa ile blauzi nyekundu." Ilikuwa nyekundu kweli.

Siku sita zimefanya haya. Nne zimebaki bila kumezwa.

Novemba 24, Jumapili

Nilikwenda kwa Nan Sotera watu walipokuwa kanisani. Kopo la sadini alikuwa bado hajalizika, liko juu ya boriti.

"Nipe vidonge, Nan Sotera."

"Vya nini?"

"Atameza mwenye akili ya kumeza."

Alikuwa anakanda unga. Akaacha kukanda. "Yule kijana alimsimamisha mama yako. Nilikuwa nyuma yenu kwenye mstari."

"Na wewe uliyekuwa nyuma yetu ulitema."

"Nilitema. Na macho yangu ni haya hapa, nakuona unavyonidharau." Alisema taratibu, bila hasira. "Basilio naye alimeza, mwaka ule wa kwanza wa dawa, miaka sita iliyopita. Hujaniuliza hata siku moja."

Nikamwambia kwamba Tat Basilio angepofuka tu, amemeza hajameza, na watu wa safu hii wakikosa la kufanya hulaumu dawa. Akafuta unga mikononi. Akashusha kopo, akaliweka mezani.

"Sina nguvu ya kupigana na mtu aliyesoma," akasema.

Nilivihesabu nyumbani: thelathini na moja. Nikavifuta vumbi kwa aproni. Jioni nilimpa mama viwili.

"Herculano amekuachia wewe," nikamwambia. "Amesema umalizie."

"Ameacha yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Alivigeuza vidoleni, kimoja kimoja, kama anavyogeuza kila kitu siku hizi. Nikamshikia kikombe cha maji. Akameza. Sijapata furaha ya namna ile tangu msimu uanze. Krismasi ikifika mama atanihesabia vidole vyangu hata nikiwa mlangoni.

Novemba 25

Tumechuma mpaka saa tisa. Mvua kidogo. Kikapu cha mama hakikuwa na mbichi hata moja.

Novemba 26

Anawashwa. Ni dalili nzuri. Nimempa vitatu, afike upesi.

Novemba 28

Uso umevimba kuliko mara ya kwanza. Vitatu asubuhi, vitatu jioni. Nan Sotera alisimama mlangoni na bakuli la uji, akaliweka kizingitini, akaondoka.

Novemba 29

Mama hakuweza kufumbua macho. Yanatoka machozi mfululizo.

"Nila," akaniambia, "leo tupumzike."

"Imebaki leo na kesho, mama."

"Leo tu."

"Mama, ulikataa kisu. Ulinificha kinundu, ukaficha macho, ungeficha hata kifo chako. Safari hii unamalizia."

Akafungua mdomo.

Novemba 30

Amemaliza vyote thelathini na moja.

Desemba 4

Uvimbe umeshuka. Asubuhi nilikuwa nageuza mikate kwenye kikaango cha udongo, mlango wazi, jua limeingia mpaka kitandani kwake. Nilimwona anakaa, anafumbua macho, anakaa tu.

"Kumekucha?" akauliza.

Nikadhani anatania. Nikamwambia kumekucha kwa watu wengine, kwa wavivu bado.

"Basi fungua mlango, mwanangu."

Nilisimama pale na mkate mkononi. Jua lilikuwa juu ya uso wake. Kwenye mboni kulikuwa na weupe kama ukoko wa wali uliokauka kwenye sufuria. Nikaenda nikaushika mlango, nikaufunga, nikaufungua tena ili asikie bawaba, kisha nikasema, "Nimeshafungua."

Akageuza uso kule sauti ilikotoka. Halafu akasema, "Ahaa," polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kiti chake.

Mikate iliungua. Ndiyo harufu yangu ya siku hii, na itakuwa harufu yake mpaka nife. Nimemwua mama yangu macho. Nimeandika ili nione sentensi hii ikoje ikikaa kwenye karatasi. Ni fupi.

Desemba 5

Nimemwacha kitandani, nimechuma peke yangu.

Desemba 7

Leo kila nyumba inachoma takataka zake nje ili shetani afukuzwe kabla ya sikukuu ya Bikira. Mama alitaka atolewe. Nikamketisha mbele ya moto wa safu. Watoto walirusha vikapu vibovu na mabua, cheche zikaruka juu kuliko paa.

"Mkubwa mwaka huu," akasema. Alikuwa amenyoosha viganja, anaupima kwa joto.

Nan Sotera akakaa upande wake wa pili. Hakunitazama. Nilimngojea aseme neno lake, kwamba alinionya, nilikwisha kujiandaa kulipokea. Akamwambia mama tu kwa jina lake, "Goya, sogea nyuma kidogo, moto utakuunguza shali."

Desemba 9

Mama amekataa kubaki chumbani. Amekuja shambani ameshika mshipi wangu. Amechuma kikapu kimoja.

Desemba 16

Don Eliseo alitufuata kwenye mibuni, akanivuta pembeni. Nikajua ni habari za chumba.

"Tangu lini haoni?" akaniuliza.

"Anaona."

"Petronila. Unafikiri kwa nini Oktoba niliwahamishia mstari wa chini, ulio tambarare?"

Miezi miwili nimeandika humu kuwa ana moyo wa jiwe. Akasema kikapu cha mama hakina mbichi, na mradi hakina mbichi yeye hana la kuandika. Lakini msimu ukiisha bwana mwenye shamba atakuja na orodha yake, na kwenye orodha kila chumba kina mikono minne na macho manne. "Hapo mimi ni nyapara tu," akasema, akavaa kofia yake.

Desemba 24

Tamali mbili za unga wa mahindi, moja yangu, moja yake. Alifungua majani ya mgomba mwenyewe bila kumwaga.

Januari 9

Herculano amekuja.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu Desemba nne. Nimeyapanga kwa lugha yetu, nimeyapanga kwa Kihispania. Alimketisha mama kwenye sanduku, akamwinua kope, akazima tochi upesi. Akabaki amechuchumaa pale, mkono juu ya goti la mama. Ni kijana mdogo, sikuwa nimegundua. Ana chunusi shingoni.

"Hii haikuwa hivi," akasema. "Nilimsimamisha. Aliendelea kumeza? Nani alimwambia aendelee?"

Nilitakiwa kutafsiri. Nikaitazama tochi iliyozimwa. Mama hajui Kihispania kingi, lakini swali lile alilielewa. Akasema kwa Kihispania chake cha sokoni, "Mimi. Kichwa kigumu. Mimi."

Herculano akageuka kwangu. "Ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliandika kwenye daftari lake, lililo sawa na hili. Jicho la kulia, jicho la kushoto. Nikamwona anaandika neno lilelile mara mbili. Herculano alipokwenda, mama akaniomba maji, nikampa. Moyoni nimewahi kumwita Nan Sotera mwoga. Yeye alitema mbele ya macho yangu na akakubali kwamba ametema.

Januari 12

Kahawa imekuwa chache. Majivu ya mlima wa moto yameanguka juu ya kila kitu.

Januari 26

Bwana mwenye shamba amekuja na orodha yake. Tumepewa siku tatu.

Januari 28

Nan Sotera alikuja na kamba mpya begani. Nilikuwa nafunga mablanketi. Tulikuwa tunakwenda mjini, sijui kwa nani.

"Chumba changu ni kipana," akasema. "Na mimi bado nachuma, na wewe unachuma, hiyo mikono minne ya orodha yao. Vipofu wawili watakaa kizingitini wafukuze kuku. Eliseo nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema hajasikia."

Nikamwambia kwamba sistahili. Nilisema hivyo kwa sauti, mama akiwa pale. Nan Sotera akanitazama mimi, akamtazama mama, nikajua kwamba hajamwambia kitu na hatamwambia. Akatoa ncha ya kamba akanipa.

"Shika hapa, nipime mpaka chemchemi. Ya Basilio inachakaa, na huyu hatembei kama Basilio, ana hatua fupi."

Nilishika. Tuliifunga pamoja, na mafundo alifunga yeye maana yangu yalifunguka.

Februari 2, Bikira wa Mishumaa

Msimu umekwisha. Leo hakuna kazi. Nan Sotera na Tat Basilio wamekwenda kubariki mishumaa, mama hakutaka kwenda. Tulikaa mlangoni, jua la saa nne, usubi wamejaa masikioni, tunapigana nao kwa matawi.

"Kila siku nasikia kalamu," akasema mama. "Umeandika nini humo?"

"Mambo ya msimu."

"Nisomee."

Ningeweza kusema nimechoka. Nilianza. Nilisoma habari za mapishi akacheka. Nilisoma za kinundu akagusa sikio. Nilisoma vidole vinne akasema, "Nilijua ni vingi, nikaona nisizidishe." Nilisoma za makaburini, na hapo nikamwomba radhi, naye akasema Tat Leocadio lazima alicheka sana. Nilisoma Nan Sotera na mdomo wake. Nikafika siku ya ngozi laini na blauzi nyekundu. Nikafunua, nikasoma, "Desemba saba. Leo kila nyumba inachoma takataka zake."

"Umeruka," akasema mama.

"Sijaruka."

"Karatasi zimelia mara mbili. Rudi."

Nikarudi. Nilisoma Jumapili ya Novemba ishirini na nne tangu mwanzo: kanisani, kopo la sadini, unga wa Nan Sotera, maneno niliyomwambia, thelathini na moja, vumbi, aproni. Nikasoma uongo wangu kama nilivyouandika, swali lake na jibu langu. Nilisoma mpaka neno la mwisho, na sikuthubutu kuinua uso, ingawa hakukuwa na mtu wa kunitazama.

Usubi alimtua mama shavuni, hakumfukuza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Vidonge vya yule kijana vina kingo, na katikati vina mstari. Vile ulivyonipa vilikuwa vimelainika pembeni, kama peremende iliyotoka mdomoni mwa mtoto. Nikajua ni vile walivyotema." Alisugua kidole gumba juu ya cha shahada, kama vile kimoja bado kipo. "Na kijana alikwisha kuondoka siku nyingi. Gari lake nililisikia likienda, sikulisikia likirudi."

Nilimwuliza kwa nini basi alimeza.

"Ulikuwa unatabasamu," akasema. "Umenishikia kikombe, unatabasamu. Tangu baba yako afe nilikuwa sijakuona hivyo. Wakati ule nilikuwa bado naona kidogo."

Nilijilaza mapajani mwake na umri wangu huu, nikalia mpaka sketi yake ikalowa. Hakuniambia ninyamaze. Alikuwa ananipekua nywele kichwani taratibu, kwa vidole vyote, na nilipotulia ndipo nilipofahamu kwamba ananitafutia vinundu.

"Huna," akasema. "Haya, endelea. Kesho yake uliandika nini?"

Nikalitafuta daftari chini, nikafuta macho, nikamsomea. Tumechuma mpaka saa tisa. Mvua kidogo. Kikapu cha mama hakikuwa na mbichi hata moja.